Maswali ya Wasomaji: Mishipa ya Damu Ambayo Uvimbe wa Ubongo Hujioteshea

Tangu toleo lililopita, tulipoandika kuhusu maumivu ya kichwa yasiyokoma na dalili za uvimbe wa ubongo, tumepokea barua kutoka Moshi, Arusha na vijiji vya mlimani, na nyingi kati yake zinarudi kwenye jambo moja, nalo ni damu. Wasomaji wanataka kujua uvimbe unapata wapi damu ya kuulisha, ni nini kinachoiita mishipa hiyo, na kama inawezekana kuikata. Nimechagua barua sita. Majina ya walioandika nimeyaacha, na mambo ambayo yangeweza kuwatambulisha wagonjwa nimeyaondoa.

Shikamoo Daktari. Baba yetu alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo. Majibu ya kipande kilichopelekwa maabara yanasema ni glioblastoma ya daraja la nne, na kwamba kuna kuzaliana kwa wingi kwa mishipa midogo ya damu pamoja na sehemu za nyama zilizokufa. Tumesoma karatasi hiyo mara nyingi bila kuielewa. Mishipa ikiwa mingi, nyama inakufaje kwa kukosa damu? — Binti, Majengo, Moshi

Marahaba, binti yangu, na poleni nyote nyumbani. Swali lako liliwasumbua watafiti kwa miaka mingi, na jibu lake litakusaidia kuelewa sehemu kubwa ya yale yanayompata baba.

Kila seli ya mwili huishi jirani na mshipa wa damu. Oksijeni ikishatoka kwenye mshipa mdogo husafiri ndani ya nyama kwa umbali wa sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita tu, kisha huisha. Ubongo una mahitaji makubwa kuliko viungo vingi: uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Seli za uvimbe zinapogawanyika bila mpango, zile za katikati hujikuta mbali na mshipa, na hapo ndipo zinapoanza kutoa wito.

Ndani ya seli kuna protini inayoitikia hali ya oksijeni, iitwayo HIF-1. Oksijeni ikiwa ya kutosha, sehemu muhimu ya protini hii huharibiwa ndani ya dakika chache tangu itengenezwe. Oksijeni ikipungua, protini hubaki salama, huingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni nyingi kwa pamoja, na mojawapo ya jeni hizo hutengeneza kichocheo cha ukuaji wa mishipa ya damu ambacho wataalamu hukiita kwa herufi zake, VEGF. Kichocheo hiki hutoka nje ya seli, husambaa mpaka kwenye mshipa ulio karibu, na kushikamana na vipokezi vilivyo kwenye seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mshipa huo. Katika ubongo wa mtu mzima mwenye afya, seli hizo hugawanyika kwa nadra sana. Zikiguswa na VEGF huamka, huyeyusha utando unaozizunguka, husogea kuelekea upande ambako wito unatoka, huongezeka, na hatimaye hujipanga kuwa mrija mpya wa kupitisha damu.

VEGF hakifanyi kazi peke yake. Angiopoietini-2 hulegeza seli zinazoushikilia mshipa wa zamani, ili matawi mapya yapate mahali pa kuchipukia. Kichocheo kingine, FGF-2, huzihimiza seli za ukuta wa mshipa zigawanyike. Kile kiitwacho PDGF huziita seli za kuuegemeza mshipa kwa nje, na katika glioma nyingi, yaani vimbe vinavyotokana na seli zinazoutegemeza ubongo (glioblastoma ni mojawapo), hufanya madhara zaidi ya hayo, kwa kuwa seli za uvimbe zenyewe zina vipokezi vyake na hujichochea nacho. Tena, katika karibu asilimia 40 ya glioblastoma, jeni ya kipokezi cha kichocheo kiitwacho EGF imejirudufu mara nyingi kupita kiasi. Kipokezi hicho husukuma ukuaji wa seli, na pia huongeza utengenezaji wa VEGF hata pale ambapo oksijeni haijapungua sana.

Sasa tuje kwenye fumbo uliloliona. Mishipa inayozaliwa kwa wito wa namna hii ni mibovu. Wazee wa mlimani wanajua kwamba mfongo, yaani mfereji wa maji, huchimbwa kwa kufuata mteremko na kwa makubaliano ya wanaoutumia. Ukichimbwa kwa pupa humwaga maji njiani, na kihamba cha chini, yaani shamba la ukoo, hubaki kikavu. Ndivyo ilivyo ndani ya uvimbe huu. Mishipa imepindapinda, mahali pengine imepanuka na mahali pengine imebanwa, kuta zake zinavuja, na baadhi yake imezibwa na damu iliyoganda. Damu ni nyingi, lakini haifiki inakohitajika. Sehemu zisizofikiwa hufa, seli zilizo pembezoni mwa sehemu iliyokufa hukosa oksijeni na kutoa VEGF zaidi, na mishipa mingine mibovu huchipuka, mzunguko ukaendelea hivyo hivyo bila kujirekebisha.

Mtaalamu wa patholojia anapoona kwenye hadubini mishipa iliyozaliana kwa namna hiyo, au nyama iliyokufa iliyozungukwa na safu ya seli zilizosongamana, katika glioma ya mtu mzima inayotokana na seli za jamii ya astrosaiti, aina mojawapo ya seli hizo zinazoutegemeza ubongo, huipa daraja la nne, lililo kali kuliko yote. Ndiyo sababu mambo hayo mawili yameandikwa pamoja kwenye karatasi ya baba: yana chanzo kimoja.

Daktari, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Mwalimu wetu wa baiolojia alisema kwamba VEGF kiligunduliwa mara mbili na watu tofauti. Inawezekanaje, na nani alianza kufikiri kwamba uvimbe huita mishipa? — Mwanafunzi, Arusha

Mwalimu wako amesema kweli, na nimefurahi kwamba mambo haya yanafundishwa darasani kwa undani huo.

Mwaka 1971, mwaka uleule ambao hospitali ya KCMC ilifunguliwa hapa Moshi, daktari mpasuaji wa watoto huko Boston, Marekani, aitwaye Judah Folkman, alichapisha hoja kwamba uvimbe hauwezi kuvuka ukubwa wa milimita moja au mbili usipopata mishipa mipya, na kwamba uvimbe wenyewe hutoa kitu kinachoiita mishipa hiyo. Wengi hawakumwamini. Ilidhaniwa kwamba damu nyingi inayoonekana kwenye uvimbe inapita katika mishipa ya zamani iliyopanuka tu. Folkman na wenzake walipandikiza vipande vya uvimbe ndani ya macho ya sungura, na wakaona kwamba vipande vilivyoelea kwenye maji ya jicho, mbali na mishipa, vilidumaa bila kufa, lakini vilivyosogezwa hadi kwenye sehemu yenye mishipa vilikua kwa kasi kubwa. Jaribio hilo nalihesabu miongoni mwa yale yaliyo wazi zaidi katika historia ya tiba, kwa sababu linaonyesha jambo moja bila kuacha nafasi ya ubishi mwingi.

Mwaka 1983, katika mji huohuo wa Boston, Harold Dvorak, Donald Senger na wenzao walikuwa wakiuliza swali tofauti kabisa: kwa nini wanyama wenye uvimbe tumboni hujaa maji? Wakapata protini inayozifanya kuta za mishipa zivuje, wakaipa jina linalotokana na kazi hiyo ya kuvujisha. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California wakatenga protini inayozifanya seli za mishipa ziongezeke, nao wakaipa jina la VEGF. Muundo wa protini hizo mbili ulipowekwa wazi, ikaonekana kwamba ni kitu kimoja. Kichocheo kilekile kinachochipua mishipa ndicho kinachoivujisha. Ukishalielewa hilo, utaelewa pia kwa nini mgonjwa wa uvimbe wa ubongo huumwa kichwa na kutapika wakati mwingine kabla uvimbe wenyewe haujawa mkubwa, na nitalirudia jambo hili katika barua ya tano.

Kwa upande wa ubongo, mwaka muhimu ni 1992. Watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba VEGF kipo kwa wingi katika glioma za binadamu, hasa kwenye seli zinazopakana na nyama iliyokufa, na kwamba vipokezi vyake vipo kwenye mishipa ya uvimbe huo. Watafiti wa Jerusalem nao wakaonyesha kwamba kukosekana kwa oksijeni ndiko kunakoamsha utengenezaji wake. Mwaka huohuo Gregg Semenza alieleza kuhusu HIF-1, na mwaka 2019 yeye, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufafanua jinsi seli zinavyotambua oksijeni. Kama unapenda kurudi nyuma zaidi, soma habari za Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, waliopata tuzo hiyohiyo mwaka 1986 kwa kugundua vichocheo vya ukuaji vya mwanzo kabisa. EGF, niliyoitaja kwenye jibu la kwanza, ni kazi ya Cohen.

Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mpagazi kwenye Mlima Kilimanjaro, nalala Barafu na Kibo mara kwa mara. Nimesikia kwamba uvimbe wa ubongo huota pale ambapo hewa ya oksijeni imepungua. Je, sisi tunaokosa hewa mlimani tumo hatarini? Wenzangu wameanza kuogopa kila kichwa kinapouma. — Mpagazi, Marangu

Nzuri, ndugu yangu, na ninawaheshimu sana kwa kazi mnayoifanya. Waambie wenzako wasiogope kwa sababu hiyo.

Ni kweli kwamba kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na kwamba mwili wenu huitikia kwa kutumia protini ileile ya HIF. Kwa njia hiyo figo hutoa kichocheo cha kuongeza chembe nyekundu za damu, na sehemu nyingine za mwili hutengeneza VEGF kwa kiasi. Huo ni utaratibu wa kawaida wa mwili. VEGF kinahitajika mtoto anapoumbwa tumboni, kinahitajika kidonda kinapopona, na hufanya kazi katika tumbo la uzazi kila mwezi. Kuwa nacho si ugonjwa.

Vichocheo hivi haviigeuzi seli yenye afya kuwa seli ya uvimbe. Uvimbe huanza kwa uharibifu wa jeni ndani ya seli, kisha uvimbe ulioanza ndio unaoviteka vichocheo na kuvitumia kwa faida yake. Miongoni mwa mambo yanayojulikana kuongeza hatari ya uvimbe wa ubongo ni mionzi mikali iliyopita kichwani, na magonjwa machache ya kurithi. Upagazi haumo. Mojawapo ya magonjwa hayo ya kurithi, uitwao von Hippel-Lindau, unafundisha mengi. Jeni inayosimamia uharibifu wa HIF huwa mbovu, hivyo seli hujiona kana kwamba zimekosa oksijeni hata zinapokuwa nayo tele, hutoa VEGF mfululizo, na mgonjwa huota vimbe vilivyojaa mishipa kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo, kwenye uti wa mgongo na machoni. Tatizo hapo ni jeni, wala halihusiani na mwinuko wa mahali anapoishi mtu.

Hata hivyo, maumivu ya kichwa mlimani msiyadharau, kwa sababu yanaweza kutangulia hatari nyingine iliyo ya haraka zaidi. Mtu akipanda haraka, ubongo unaweza kuvimba kwa kujaa maji. Mkimwona mgeni au mpagazi mwenzenu anayumba akitembea, anaongea mambo yasiyoeleweka, au anasinzia isivyo kawaida, mteremsheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, wala msisubiri kupambazuke. Dawa ya deksamethazoni, ambayo waongozaji wengi huibeba, husaidia, lakini haichukui nafasi ya kuteremka.

Shikamoo Daktari. Mume wangu ana uvimbe kwenye ubongo. Jirani alituambia kwamba tusimpe nyama, maini wala rozela, kwa sababu vinaongeza damu na damu inalisha uvimbe. Amekonda sana. Tumefanya vizuri? — Mama, Sakina, Arusha

Marahaba, mama. Mrudishie chakula chake leo.

Uvimbe hauiti damu kutoka katika sahani. Huita mishipa kwa vichocheo unavyovitengeneza wenyewe, na utaendelea kuita hata mwili wote ukibaki mifupa. Tena, upungufu wa damu humaanisha kwamba kila tone linalofika kwenye nyama limebeba oksijeni kidogo zaidi, na upungufu huo huchosha mwili na kuudhoofisha kabla ya upasuaji, mionzi au dawa. Mpe mtori, nyama laini, mayai, maharage, mboga za majani na matunda, kidogo kidogo na mara nyingi kama hana hamu. Akiwa na tatizo la kumeza au akipaliwa anapokunywa, mweleze daktari wake kabla ya siku ya kliniki.

Daktari, mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu. Nimeambiwa nina meningioma, na kwamba si saratani, lakini picha ya MRI inaonyesha eneo kubwa la maji kuzunguka uvimbe. Nimeanzishiwa vidonge vya deksamethazoni. Kichwa kimepoa ndani ya siku chache, ila nina njaa ya ajabu, sukari imepanda na usingizi umepotea. Naweza kuviacha? — Mama, Himo

Pole, mama yangu. Usiviache ghafla, tafadhali. Nitaeleza sababu, lakini nimetanguliza neno hilo kwa sababu nimeona wagonjwa wakiletwa hospitali wakiwa hoi baada ya kuacha vidonge hivi siku moja tu baada ya kujisikia nafuu.

Meningioma huota kwenye utando unaoufunika ubongo, na nyingi hukua polepole, bila kupenya ndani ya ubongo. Hupata damu hasa kutoka kwenye mishipa ya utando huo. Wakati fulani madaktari huiziba baadhi ya mishipa hiyo siku chache kabla ya upasuaji ili damu isimwagike nyingi. Lakini meningioma nazo zinaweza kutoa VEGF, na zile zinazokitoa kwa wingi huelekea kuzungukwa na maji mengi, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo na mpole. Kumbuka kile nilichomwambia mwanafunzi wa Arusha, kwamba kichocheo hiki huchipua mishipa na pia huivujisha. Katika viungo vingine maji yakivuja huweza kuondolewa au nyama ikatanuka. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na mishipa yake ya kawaida imefungwa kwa ukuta madhubuti usioruhusu maji na protini za damu kupita ovyo. Ukuta huo ukilegezwa na VEGF, maji huingia kati ya seli za ubongo, shinikizo hupanda, na mtu huumwa kichwa asubuhi, hutapika, huona ukungu, au hupata degedege.

Deksamethazoni, ambayo imetumika kwa kazi hii tangu miaka ya 1960, hupunguza utoaji wa VEGF na kuikaza upya mishipa inayovuja. Uvimbe hubaki palepale, ila maji hupungua, na ndiyo sababu umepata nafuu ndani ya siku chache tu. Njaa, sukari kupanda na kukosa usingizi ni madhara yanayojulikana ya dawa hii. Ikitumika kwa muda mrefu, uso huwa wa mviringo, misuli ya mapaja hulegea kiasi cha kushindwa kuinuka kwenye kiti, na maambukizi huingia kwa urahisi. Mwili wako nao huacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo kwa kuwa unapewa kutoka nje, hivyo ukikatisha ghafla unabaki bila ya ndani wala ya nje, na maji kichwani yanaweza kurudi kwa nguvu.

Mwombe daktari wako mambo matatu. Dozi ipangwe mapema mchana, isiwe jioni, ili usingizi urudi. Sukari ipimwe mara kwa mara na itibiwe ikibidi. Na kuwe na mpango ulioandikwa wa kupunguza vidonge hatua kwa hatua, hasa baada ya upasuaji. Ukiona kinyesi cheusi au maumivu makali ya tumbo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Shikamoo Daktari. Kaka yetu mkubwa ana glioblastoma iliyorudi baada ya matibabu. Tumesikia kwamba ipo dawa ya dripu inayokata mishipa ya damu ya uvimbe, inaitwa Avastin, na bei yake ni kubwa mno. Ukoo umekaa kikao mara mbili, na wengine wanasema tuuze sehemu ya kihamba. Wengine wanalia wakisema kihamba cha baba hakiuzwi. Tunaomba utuambie ukweli. — Mdogo wake, Kibosho

Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma barua yako zaidi ya nyingine zote, na nitajaribu kukujibu kama ambavyo ningemjibu ndugu yangu wa damu.

Dawa hiyo kitaalamu inaitwa bevasizumabu. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ili kukinasa VEGF kabla hakijafika kwenye vipokezi vya mishipa. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, na mwaka 2009 ikaruhusiwa huko kwa glioblastoma iliyorudi, kwa sababu picha za wagonjwa zilionyesha mabadiliko ambayo hayakuwahi kuonekana kwa dawa nyingine. Mamlaka ya dawa ya Ulaya, kwa ushahidi uleule, ilikataa.

Mwaka 2014 yalichapishwa majaribio mawili makubwa ya wagonjwa wapya wa glioblastoma, moja likiwa na wagonjwa 921 na jingine 637. Katika lile la kwanza, waliopewa dawa hii pamoja na mionzi na vidonge vya temozolomidi walikaa miezi 10.6 kabla ya ugonjwa kuonekana kuendelea, na wasiopewa walikaa miezi 6.2. Lakini urefu wa maisha ulikuwa miezi 16.8 kwa waliopewa na miezi 16.7 kwa wasiopewa. Jaribio la pili lilionyesha picha ileile: muda mrefu zaidi kabla ya uvimbe kuonekana kukua, na maisha yasiyorefuka. Baadaye jaribio la Ulaya kwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulirudi, kama kaka yenu, lilifikia jibu hilohilo. Marekani iliiruhusu dawa hii kikamilifu mwaka 2017 kwa uvimbe uliorudi, huku ikijulikana kwamba haikuthibitishwa kurefusha maisha.

Kwa nini mishipa inaweza kunyimwa kichocheo chake na uvimbe usife? Sababu mojawapo ni kwamba sehemu ya kile kinachong'aa kwenye MRI ni dawa ya rangi anayochomwa mgonjwa wakati wa kupigwa picha, inayovuja kupitia mishipa mibovu. VEGF kikizuiwa, kuvuja hukoma na picha hupendeza, ilhali seli za uvimbe bado zipo. Kisha uvimbe hubadili njia. FGF-2, angiopoietini na vichocheo vingine huchukua nafasi ya VEGF. Na glioblastoma ina uwezo wa kuishi bila kuotesha mshipa wowote mpya, kwa kuwa seli zake hutambaa kando ya mishipa ya kawaida ya ubongo na kujilisha humo, mahali ambapo kuzuia VEGF hakufui dafu. Rakesh Jain, mtafiti wa huko Boston, alieleza mwaka 2001 kwamba dawa za aina hii kwa muda mfupi huinyoosha mishipa na kuifanya ipitishe damu vizuri zaidi badala ya kuikata, na wazo hilo limewafanya wengi waache kuzungumza juu ya kuuua uvimbe kwa njaa.

Usielewe kwamba dawa haina kazi. Kwa mgonjwa ambaye ubongo umejaa maji kiasi kwamba deksamethazoni haitoshi, au madhara yake yamezidi, bevasizumabu inaweza kukausha maji hayo, ikamrudishia mtu nguvu ya mkono au ufasaha wa kuongea kwa wiki au miezi, na kumwezesha kupunguza vidonge. Hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili. Inaweza kupandisha shinikizo la damu, kusababisha damu kuganda au kuvuja, na mara chache kutoboa utumbo. Kwa kuwa kidonda nacho kinahitaji VEGF ili kipone, haipaswi kutolewa kabla ya siku 28 kupita tangu upasuaji mkubwa na kidonda kupona sawasawa.

Kuhusu kihamba, uamuzi ni wa ukoo na wa kaka mwenyewe, ambaye natumaini ameulizwa. Ninachoweza kusema bila kusita ni hiki: kama mnataka kuuza ardhi kwa kuamini kwamba dawa itamwongezea miaka, ushahidi uliopo hauungi mkono imani hiyo, na mimi nisingeiuza kwa ajili hiyo. Kama daktari wake amewaambia kwamba anaitaka kwa ajili ya kupunguza maji na kupunguza deksamethazoni, mwombeni aeleze nafuu gani itafutwe, itapimwa baada ya dripu ngapi, na itaachwa lini isipoonekana. Muulizeni pia kama upasuaji wa pili au mionzi ya mara ya pili inamfaa, na kama alikwisha kupewa temozolomidi. Dawa hiyo ya vidonge ndiyo iliyothibitishwa mwaka 2005 kuongeza maisha ikitolewa pamoja na mionzi mwanzoni mwa matibabu: waliopata vyote viwili waliishi miezi 14.6 kwa wastani wa kati, na waliopata mionzi peke yake miezi 12.1, huku waliofika miaka miwili wakiongezeka kutoka asilimia 10.4 hadi 26.5.

Ombeni pia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ianze sasa, bila kusubiri dawa nyingine zikatizwe. Maumivu, degedege, kukosa usingizi na hofu vyote vina matibabu yasiyohitaji kuuza chochote kikubwa, na wahudumu wa tiba shufaa huweza kumfuata mgonjwa nyumbani, kama ambavyo hospitali ya Selian kule Arusha imekuwa ikifanya kwa miaka mingi. Watakufundisheni jinsi ya kumgeuza kitandani, dawa gani ya degedege iwe karibu, na wakati gani wa kumkimbiza hospitali. Kikao cha tatu cha ukoo kikifanyika, mwalikeni mmoja wao ahudhurie, na kaka awepo.